Mke Mwenzangu wa Kijerumani

Mume wangu aliniambia mapema, nisije nikasema sikuambiwa. Tulikuwa bado wachumba, Buyenzi, nyumbani kwa shangazi yangu. Alikuwa amevaa suti aliyorudi nayo kutoka Ulaya, nzito mno kwa joto la Bujumbura, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, na mimi nimejikunja kwenye mkeka nasubiri neno la mapenzi. Akasema, "Kuna kitu kimoja lazima ukijue. Mimi nasoma jarida." Nikadhani huo ni utangulizi. Kumbe ndiyo yalikuwa mapenzi yenyewe.

Jarida hilo ni la madaktari, la Kijerumani, na ni zee kuliko mtu yeyote tunayemjua, marehemu wakiwemo. Mimi naliita gazeti. Naliita hivyo kwa makusudi, kwa sababu najua ataruka: "Jarida, mwalimu! Jarida la kitabibu!" Ananiita mwalimu kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi kabla ya vita, na nadhani pia kwa kuwa napenda kusahihisha watu. Basi miaka yote ya ndoa nimeishi na gazeti hili kama mke mwenza. Mke mwenza wa kawaida angeugua siku moja, au angekwenda kwao kusalimia, nami nikapumua kidogo. Huyu wa Kijerumani haendi kwao. Yeye kazi yake ni kuja.

Anakuja kwa posta, hapa Evere, Ubelgiji, kwenye jengo letu lenye lifti ya maringo, amevikwa nailoni, hajaguswa na mtu. Mume wangu humtoa mwenyewe kwenye sanduku la barua, na ole wake atakayemtangulia. Humpandisha juu, humlaza mezani, halafu huchukua kisu changu cha nyama, kile kizuri, akaichana nailoni polepole asije akakwaruza jalada. Mimi tangu nizaliwe sijafunguliwa kitu kwa uangalifu wa namna hiyo, hata zawadi.

Akishasomwa, anaingia mahali. Sisemi anahifadhiwa, nasema anaingia. Ameingia chini ya kitanda. Ameingia nyuma ya kochi, na juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo zamani zilikaa sufuria zangu za harusi. Choo nilikipigania nikashinda. Binti yetu, ambaye ni muuguzi katika hospitali ya chuo kikuu kule Woluwe, alimwonyesha baba yake kwamba jarida zima linapatikana kwenye kompyuta, mtu anasoma bila kujaza nyumba karatasi. Baba yake alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akamwuliza kama yeye hushiba kwa kutazama picha ya wali.

Historia ya huyu mke mwenzangu naijua kuliko ya ukoo wangu, maana nimelishwa pamoja na chakula. Lilianza, anasema, zama ambazo daktari alikwenda kwa mgonjwa kwa farasi na hakuona sababu ya kunawa mikono. Yalikuwa mazungumzo ya daktari na daktari: mimi nimeona hiki, je, wewe umeona nini? Mmoja yuko kijijini amekutana na homa asiyoielewa, anaandika. Mwenzake yuko mji mkubwa, anajibu. Kisha wakaja wale waliochungulia vijidudu kwenye hadubini, na kila walichokiona walikuwa na haraka ya kukitangaza kabla Mfaransa hajakitangaza. Akifika hapo mume wangu hucheka peke yake, kwa sababu sisi shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa na hatukuambiwa kwamba Mfaransa aliwahi kutanguliwa na mtu.

Siku hizo, anasema, hata daktari wa Japani aliyetaka kujua jambo jipya alijifunza Kijerumani kwanza. Leo Mjerumani mwenyewe akigundua kitu anakiandika kwa Kiingereza, na jarida limebakiwa na kazi ya kuwakumbusha madaktari wa kawaida namna ya kuwatibu watu wa kawaida. Halafu lina rangi nyingi, lina visanduku na vishale, na halitoki mara nyingi kama zamani. Mambo hayo yanamuuma kweli. Mimi naona kuwatibu watu wa kawaida ndiyo kazi yenyewe, lakini nani kaniuliza?

Kuna sehemu ya historia hiyo ambayo huisimulia bila kucheka na bila kula. Katika miaka ile mibaya ya Wajerumani, madaktari wa Kiyahudi waliokuwa wakiandika humo na kuhariri waliondolewa, wenzao wakanyamaza, na mambo ya aibu yakachapishwa kwa maneno ya kitaalamu. Baadaye sana, walipoingia watu wa kizazi kingine, wakaandika humohumo, kwenye karatasi zilezile: hivi ndivyo tulivyofanya. Mume wangu ametoka kwenye nchi ambayo watu wamefanyiana mengi na mengi bado hayajasemwa. Akifika hapo husukuma sahani kando, nami siigusi.

Nadhani ndiyo maana anakipenda kile kisanduku cha nyuma, cha marekebisho. Ni kidogo, mtu mwingine angekiruka. "Katika toleo lililopita tuliandika vidonge viwili. Isomeke kimoja." Yeye hukisoma kwa sauti, amekaa wima. Anasema wakubwa wanaoweza kusema "isomeke" ni wachache duniani. Siku moja nikamwuliza kama nasi hatuwezi kuwa na kisanduku hicho humu ndani, kwa kuwa yeye tangu tuoane hajawahi kukosea hata siku moja. Akalifikiria swali langu kwa makini kabisa, akasema haoni humo kingeandikwa nini.

Walikutana, yeye na jarida, alipokuwa mwanafunzi Ujerumani ya Mashariki. Jarida lilichapishwa upande wa pili wa ukuta uliogawa Ujerumani, kwa hiyo maktaba ya chuo ilikuwa imelifungia kwenye chumba cha peke yake, na kuingia kulihitaji kibali cha profesa. Mfikirie kijana wa Buyenzi, baridi inamtafuna masikio, amepanga foleni kuomba ruhusa ya kwenda kusoma habari za vidonda vya tumbo. Wenzake wakati huo walikuwa wanatafuta santuri za muziki na wasichana wa kucheza nao. Yeye alipata kibali, akaingia, na kwa maoni yangu hajatoka hadi leo.

Aliporudi Bujumbura matoleo yalimfikia kwa mkono wa daktari mmoja Mjerumani, kwa mafungu, yamechelewa. Toleo la mafua ya baridi lilitukuta katikati ya kiangazi, na mafua yenyewe huko Ulaya yalikuwa yameshapona na kusahauliwa. Aliyasoma hivyohivyo. Halafu ikaja vita. Tulitoka na binti yetu na kile tulichoweza kubeba. Vyeti vyake vilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikaungua. Nchi iliyompa vyeti hivyo nayo ilikuwa haipo tena kwenye ramani. Hapa Ubelgiji ofisi zikamwambia alete hiki, akaleta. Zikamwambia angoje, akangoja mpaka akachoka, akaenda kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Jette. Aliwaogesha, akawalisha, akawageuza kitandani, mpaka yeye mwenyewe akafikia umri wa kustaafu. Sikumsikia akilalamika. Wazee wale walimpenda. Walimwita kwa jina lake la kwanza, kama mnavyomwita mtoto wa jirani.

Lakini juu ya ile nailoni kulikuwa na kijikaratasi cha anwani, na kabla ya jina lake kulikuwa kumechapishwa: Dr. med. Watu wengine waliokuwa wakimwita daktari katika nchi nzima ya Ubelgiji tulikuwa mimi, nikimtania, na majirani wakishikwa na kikohozi. Jarida lilimwita hivyo kwa maandishi, na posta ikalileta mpaka mlangoni. Siku nilipoelewa hilo niliona haya, nikaacha kulalamika kuhusu sufuria zangu. Bon, nilipunguza.

Sasa niseme habari ya mchezo wetu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunakaa mezani: mimi, mume wangu, binti yetu kama hayuko zamu, na jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama mjane wa Bukavu. Huyu huja na sombe yake, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli, kwa sababu ile ninayopika mimi, anasema, haina uhai. Karibu kila toleo la jarida lina kisa cha mgonjwa. Wanaeleza alivyokuja, anacholalamikia, walichokiona kwenye vipimo, kisha wanauliza: ana nini? Jibu liko kurasa kadhaa mbele. Mume wangu huvaa miwani na kutafsiri kwa Kiswahili palepale, nasi tunataja ugonjwa. Tukishamaliza, analamba kidole, anafungua kurasa mpaka kwenye jibu, anatusomea, na tunaanza kubisha.

Binti yetu hutoa majina marefu na mara nyingi hupatia. Jirani husema "Tension!", yaani presha, kabla kisa hakijafika katikati.

"Maman, huyu amevunjika mguu," mume wangu humwambia.

"Alors? Si njo tension ilimuangusha?"

Mimi husema chumvi. Mgonjwa awe na upele, awe na kizunguzungu, mimi ni chumvi tu. Niliwahi kupatia mara moja, kwa mzee mmoja wa pwani ya Ujerumani aliyekuwa akila samaki wa chumvi asubuhi na jioni, na utamu wa ushindi ule sijaumaliza mpaka leo.

Msidhani mchezo huu uliwahi kumponya mtu. Jirani alipowashwa mikono, daktari wetu alipekua matoleo siku nzima, akatoka chini ya kitanda na vumbi nywelini, ametuletea ugonjwa wa wafugaji wa sungura wa kusini mwa Ujerumani. Ilikuwa ni sabuni mpya ya vyombo. Jirani akionyeshwa sungura kwenye televisheni humgeukia mume wangu na kujikuna.

Jambo moja nililiona tangu zamani: wagonjwa wa jarida hawana wake. Wana umri, wana kazi, wana damu na mkojo, ila wake hawana. Wanajileta hospitalini wenyewe, hakuna aliyewasukuma. Nilimwuliza mume wangu kuhusu yule mzee wa samaki: nani alikuwa akimkaangia? Akasema hiyo si habari ya kitabibu. Nikamwambia kwangu mimi hiyo ndiyo habari pekee ya kitabibu kwenye ukurasa mzima.

Basi. Majira ya baridi yaliyopita mume wangu alianza kuumwa, na akakataa kuumwa.

Kwanza zilikuwa ngazi. Lifti ikigoma, na inapenda kugoma, tunapanda kwa miguu. Akaanza kusimama kila ghorofa kusoma matangazo ya ukutani. Ni yaleyale ya taka, hayajabadilishwa tangu mwaka juzi.

"Yamekupendeza?" nikamwuliza.

"Nataka nielewe siku ya kutoa chupa," akasema, anahema.

Halafu vikaja viatu. Akaacha kuvaa viatu. Baridi inakata, watu wamevaa mabuti, yeye anakwenda dukani na soksi mbilimbili na ndara, anasema vidole vinataka uhuru. Binti yetu akaviona vifundo vya miguu vimejaa kama mikate. "Baba, njoo Woluwe wakusikilize moyo," akamwambia. Akamjibu kwa Kijerumani. Binti hajui Kijerumani, mimi sijui Kijerumani, na yeye huko ndiko anakokimbilia akibanwa.

Halafu kiti. Kila nikiamka alfajiri kuswali, upande wake wa kitanda umepoa, yeye yuko sebuleni kwenye kiti cha mikono, taa inawaka, jarida liko mapajani. Nikamwambia: haya, mke mwenzangu sasa amechukua na zamu yangu. Akacheka. Nikafurahi kwamba amecheka. Nilidhani anasoma.

Nilimbana, jamani, nilimbana. "Unaumwa," nikasema. "Mimi si daktari lakini macho ninayo."

"Mimi ni daktari," akasema.

"Basi jitibu!"

"Najitazama."

"Na gazeti linasemaje?"

"Jarida," akasema, "linashauri subira."

Thubutu! Jarida lisingeshauri upuuzi kama huo. Nikanuna. Nikapika bila kusema neno, akala bila kusema neno, na moyoni nilikuwa naogopa. Niliogopa kufiwa. Ndugu zangu wengi nimewazika kwa simu, nimekaa hapa Evere nasikiliza watu wanalia upande wa pili, lakini huyu ni wa kwangu, yuko mbele ya macho yangu, anapungua, na hataki nimshike mkono. Nilimsihi binti tumchukue kwa nguvu. Akasema hospitali haimpokei mtu mzima mwenye akili zake aliyefungwa kamba na mkewe. Nikafikiria kumwita imamu. Jirani akajitolea kuleta mchungaji wake, mwenye sauti, anayeombea wagonjwa mpaka wanasimama wenyewe kwa kuchoka. Mume wangu akajifanya hamnazo kwa wote.

Ikafika Jumamosi moja, mvua inapiga kwenye balkoni. Tulikula. Yeye aliuzungusha wali kwenye sahani mpaka ukapoa. Kisha akavaa miwani, akafungua toleo la wiki ile, akaanza.

"Mwanamume," akasema, "umri wa kustaafu."

"Tension!" jirani akasema.

"Ngoja, maman. Zamani alifanya kazi ya kuinua watu wazito. Tangu majani yaanze kuanguka anachoka kwenye ngazi. Viatu havimwingii. Akilala chali anakosa hewa, anajiona kama mtu aliyefunikwa godoro. Aliongeza mto. Akaongeza mwingine. Sasa analala amekaa, kwenye kiti."

Binti yetu aliweka uma chini.

"Chumvi," nikasema. Mdomo ulitangulia tu, kwa mazoea.

Hakucheka. Macho yalikuwa yametulia kwenye ukurasa. "Huondoka kitandani polepole sana," akaendelea, "kwa sababu hataki kumwamsha mkewe."

Mkewe! Nilishika ukingo wa meza. Jumamosi zote zile, wagonjwa wote wale, wa samaki, wa sungura, wa mguu uliovunjika, hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na mke. Huyu anaye. Ana mke, mke amelala, na yeye ananyata asimsumbue. Nikainua shingo nikachungulia jarida. Ukurasa aliokuwa ameufungua ulikuwa na picha kubwa ya goti.

Ndipo nikaelewa yote kwa pamoja, ngazi, viatu, kiti. Alikuwa hasomi pale sebuleni. Alikuwa anatafuta hewa. Na mtu huyu, ambaye maisha yake yote ndiye alikuwa anaambiwa "naumwa", hakujua neno hilo hutamkwaje. Njia aliyoijua ilikuwa moja tu, basi akajiweka ndani ya jarida, akatusomea. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, sijui kipi kilitangulia.

Binti alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Daktari," nikasema, "naomba kuuliza kuhusu mgonjwa."

"Inaruhusiwa."

"Huyo mkewe ni mtu wa namna gani?"

"Ana mdomo," akasema.

"Anapika vizuri?"

"Anazidisha chumvi."

"Anajua kwamba mumewe anaumwa?"

Mvua ilikuwa inagonga chuma cha balkoni. "Kisa hakisemi," akajibu.

"Haya, tusomee jibu."

Alipaswa kulamba kidole na kufungua kurasa. Hakulamba. Alishika kona ya karatasi tu, asiifunue. "Jibu," akasema, "litatoka toleo lijalo."

Jirani yetu, ambaye alikuwa bado yuko na mgonjwa wa Ujerumani, akapiga meza mpaka bakuli la sombe likaruka. "Toleo lijalo? Mungu wangu! Uyu papa atangoya gazeti? Atakufa! Bamupeleke hôpital leo, leo hii! Na uyo bibi yake, iko wapi? Iko analala tu?"

"Maman amesema kweli," nikasema. "Na mimi natoa jibu langu. Mgonjwa ni mkaidi. Dawa yake iko Woluwe." Nikamgeukia binti: "Lete gari mbele ya mlango."

"Chakula hakijaisha," mume wangu akasema.

"Kimeisha."

Alivua miwani. Akaikunja, akaiweka juu ya goti la kwenye picha. Alionekana mdogo, na alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Haya, mwalimu," akasema.

Hospitalini walimlaza wakamwekea mipira ya hewa puani. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, mpole, mwenye nywele zisizochanwa. Alimwuliza maswali mengi, kisha akamwuliza alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwona mume wangu anatafuta jibu kwenye dari. Nikamjibia mimi, "Docteur en médecine." Kijana akasema, "Ah, confrère," yaani daktari mwenzangu, akaigeuza skrini ili naye auone moyo wake ukipiga. Basi hapo! Hakunyamaza tena. Alitaka kujua kila kipimo. Akamwuliza kijana kama hulisoma lile jarida. Kijana akasema Kijerumani hakijui, na mume wangu, amelala pale na mipira puani, akamsikitikia kwa moyo wake wote.

Moyo ulikuwa umechoka kusukuma, na maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mapafu. Kwenye korido kijana aliniambia kwamba kama tungeendelea kungoja, pengine tusingekuja naye akiwa anatembea. Nikaenda kwenye choo cha hospitali nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumtania. Walimpa vidonge vya kutoa maji na vingine vya kuusaidia moyo. Wakaeleza namna ya kulala na namna ya kujipima uzito.

"Na chumvi?" nikauliza, taratibu, kama mtu ambaye hana haja.

"Chumvi hasa, madame," kijana akasema. "Chumvi ndiyo adui."

Nilimtazama mume wangu tu. Akageukia ukutani.

Alirudi nyumbani akiwa amepungua na viatu vinamwingia. Lifti ilikuwa imegoma, tukapanda polepole, na kila ghorofa tulisimama wote wawili kusoma siku ya chupa, safari hii bila kudanganyana. Kwenye sanduku la barua mke mwenzangu alikuwa ameshafika, kwenye nailoni yake, na Dr. med. yake juu. Nilimpandisha mimi. Hakuniruhusu kubeba kitu kingine, lakini huyo aliniruhusu.

Jumamosi tukakaa mezani. Jirani alileta sombe isiyo na chumvi, ameinunia yeye mwenyewe, anasema hiki ni chakula cha mbuzi. Binti alikuwa ametoka zamu, macho yanajifumba. Mume wangu alikiweka kisu kando ya jarida, akavaa miwani, lakini nailoni hakuichana.

"Kabla ya kisa," akasema, "kuna marekebisho."

Tukamtazama. Jarida lilikuwa bado limefungwa.

"Katika toleo lililopita," akasoma kwenye nailoni tupu, amekaa wima, "tuliandika kwamba mgonjwa aliondoka kitandani polepole kwa sababu hakutaka kumwamsha mkewe." Akasafisha koo. Hakunitazama. "Isomeke: kila mara alisimama kwanza mlangoni, akitamani aamke mwenyewe."

Jirani aliacha kutafuna. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo:

"Alors? Bibi aliamuka?"

Niliuchukua mkono wa mume wangu, ule wa upande wa kisu, nikaushika.

"Aliamka," nikasema.